Mradi wa Huduma kwa Jamii: Skauti Aanze kwa Kuuliza

Skauti kijana akipewa jukumu la kupanga mradi wa huduma kwa jamii, jambo la kwanza linalomjia ni kazi yenyewe: tupande miti, tufanye usafi sokoni, tupake darasa rangi. Mara nyingi mradi hupotea njia hapo hapo, kwa kuwa kazi imeshachaguliwa kabla ya kujulikana nani anaihitaji. Nenda kwanza kwa mwalimu mkuu, kwa wauguzi wa zahanati, kwa wazee wa mtaa. Waulize kero ipi inawasumbua kila siku na wameshajaribu nini kuiondoa. Usiwapite wasio na cheo. Anayesafisha vyoo vya shule anajua matatizo yake kuliko yeyote aliye ofisini.

Chukua kibuyu chirizi, yaani kifaa cha kunawia mikono, mradi ambao vikosi vingi vinaumudu. Dumu la lita 5 hutobolewa tundu dogo karibu na mfuniko, likaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili. Kamba hushuka kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, hivyo mtu hunawa bila kuligusa. Sabuni nayo hutobolewa na kufungwa kwa kamba pembeni. Kazi yote ni ya asubuhi moja.

Lakini nani atajaza maji kesho yake? Sabuni ikiisha, itanunuliwa kwa fedha ipi? Mtoto wa darasa la kwanza atakifikia? Na maji yanayodondoka yataenda wapi? Msipomwaga kokoto chini, baada ya siku chache patakuwa na tope na watoto watapakwepa. Majibu ya maswali haya yaandikwe kwenye mpango kabla shimo la nguzo halijachimbwa, na kila jukumu liwe na mtu wake. Kusema "shule itashughulikia" ni sawa na kusema hakuna atakayeshughulikia.

Mpango wenyewe usizidi kurasa mbili. Uwe na ruhusa ya maandishi ya mwenye eneo, orodha ya vifaa, ratiba, na bajeti inayohesabu hata misumari, nauli na maji ya kunywa. Mkichangisha fedha, wazihesabu watu wawili na risiti zitunzwe.

Siku ya kazi, aliyepanga mradi asijifungie kwenye jembe. Kazi yake ni kugawa majukumu, kuona nani amekwama na kuamua mvua ikinyesha mfanye nini. Skauti walilelewa hivyo tangu kambi ya majaribio ya mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, ambako Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika makundi madogo, kila kundi na kiongozi wake kijana. Kwa hiyo nawasihi viongozi watu wazima: kijana akisitasita, mpeni muda. Mkimnyang'anya uamuzi, mradi utakwisha mapema lakini yeye hatakuwa amejifunza kuongoza.

Penye usalama, hata hivyo, mtu mzima asisite kusimamisha kazi. Wawepo watu wazima wasiopungua wawili, na asiwepo hata mmoja anayebaki faraghani na mtoto. Wazazi watoe idhini, sanduku la huduma ya kwanza liwe karibu, na kazi za juu ya paa, za umeme au za kemikali kali waachiwe mafundi. Picha za wagonjwa au za watoto zisisambazwe bila ridhaa yao na ya walezi wao.

Baada ya mwezi mmoja, rudini. Mkikuta dumu limekauka, ulizeni sababu bila kulaumu. Pengine bomba liko mbali, pengine zamu ya kujaza maji haikuwahi kupangwa. Yaandikeni kwenye ripoti yaliyofaulu na yaliyokwama. Nakala moja ibaki kikosini kwa watakaopanga mradi ujao, nyingine apewe aliyekabidhiwa kibuyu chirizi.