Je, wajua? Maziwa ndiyo yaliyojaza makaburi ya kina Lincoln

Kusini mwa jimbo la Indiana, Marekani, kuna kilima kidogo chenye miti, na juu yake makaburi machache ya walowezi. Ajulikanaye zaidi kati ya waliolala pale ni Nancy Hanks Lincoln, mama mzazi wa Rais Abraham Lincoln. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1818, akiwa na miaka 34. Wiki chache tu kabla yake walizikwa jamaa zake, Thomas na Elizabeth Sparrow. Nyumba moja kufiwa hivyo kwa mfululizo! Walikufa kwa nini?

Walikunywa maziwa.

Familia hiyo ilikuwa imehamia pale kutoka Kentucky mwishoni mwa 1816, ikafyeka msitu na kujenga kibanda cha magogo. Ng'ombe hawakuwa na malisho yao maalumu, walijitafutia. Majani ya wazi yalipokauka mwisho wa kiangazi, waliingia kivulini, na humo ndimo humea mmea wenye vishada vya maua madogo meupe, Ageratina altissima. Sumu yake huitwa tremetoli. Ndama au dume akiula huanza kutetemeka miguu. Lakini ng'ombe anayekamuliwa anaweza kuonekana mzima kabisa, kwa kuwa sumu inamtoka kwenye maziwa. Kwa hiyo mama wa nyumba alikamua, akamimina kikombe, akawapa watu wake bila shaka yoyote moyoni. Mgonjwa alilegea, akatapika, pumzi ikabadilika harufu, na mara nyingi ndani ya siku chache akapoteza fahamu.

Nancy aliwauguza wenzake kabla ya kuanguka yeye mwenyewe. Ugonjwa huo hauambukizi, ila ng'ombe wa jirani walichunga msitu uleule.

Hapakuwa na kanisa karibu. La Little Pigeon lilijengwa miaka mitatu baadaye. Ndiyo maana walizikana kilimani, hatua chache kutoka nyumbani. Thomas Lincoln alipasua mbao akamtengenezea mkewe jeneza, na inasimuliwa kwamba Abraham, mtoto wa miaka 9, ndiye aliyechonga vigingi vya kuziunganisha. Nikifikiria kisu kile mkononi mwa mtoto, nashindwa kuendelea haraka.

Elimu ilikuwapo, ila haikusafiri. Huko Illinois husimuliwa habari za mkunga mmoja, Anna Bixby, aliyeonyeshwa mmea huo na mwanamke wa kabila la Shawnee. Wanasayansi waliitambua sumu yenyewe mwaka 1928, zaidi ya karne moja baada ya Nancy kuzikwa.

Mwaka 1830 kina Lincoln walihamia Illinois, na msitu ukarudi kilimani. Abraham alifika tena eneo lile mwaka 1844, akimfanyia kampeni Henry Clay, mgombea urais, na baadaye akaandika kwamba ndiko walikozikwa mama yake na dada yake wa pekee. Jiwe linaloonekana leo kaburini liliwekwa mwaka 1879 na Peter Studebaker, wa ukoo wa watengeneza magari ya farasi. Limemwongezea Nancy umri, likasema alikuwa na miaka 35. Jina la mtoaji halimo. Limeandikwa tu kwamba limesimamishwa na rafiki wa mwanawe aliyeuawa.