Je, wajua juu ya nini banganga wakipasua moyo wanahesabu sekunde za damu?

Mutu akijikata kidole pale soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, anakandamiza kidogo, dakika chache damu imeganda, anaendelea kuuza nyanya zake. Sasa damu ile ile wakiitoa mwilini waipitishe mu tiyo za plastiki na mu mashini ya moyo na mapafu, ile inayofanya kazi pa nafasi yao, juu moyo umesimamishwa ili washone valvu, ile milango ya moyo, juu ya nini haigandi mule?

Ukweli ni kwamba ingeganda, tena haraka sana, juu damu haizoei plastiki. Ndiyo maana kabla ya kuunganisha mashini wanamupiga mgonjwa heparini, dawa inayotolewa mu matumbo ya nguruwe (ndiyo, nguruwe), yuniti 300 mpaka 400 kwa kila kilo. Mutu wa kilo 60 anapata kati ya 18,000 na 24,000. Watu wanasema eti inafanya damu kuwa nyepesi kama maji, hapana, damu inabaki vile vile. Mwilini kuna protini inaitwa antitrombini, ni kama sentineli mwenye kusinzia, heparini inamuamsha na hapo anakamata vigandisha damu kwa kasi kubwa.

Lakini dozi moja haifanyi sawa kwa kila mutu, mwingine antitrombini yake ni kidogo, unamupiga heparini na damu bado inataka kuganda. Basi wanapima. Wanachukua damu kidogo, wanaitia mu kitubu chenye kaolini, ule udongo mweupe, ndugu ya pemba ambayo mama wenye mimba wanatafuna, udongo unachokoza damu igande na mashini inahesabu sekunde. Kipimo kinaitwa ACT, maana yake muda wa damu kuganda ikichokozwa, munganga Hattersley alikieleza mwaka 1966. Bila heparini ni kama sekunde 100 na kitu. Kabla ya kuwasha mashini timu nyingi zinataka ipite 480, zingine zinakubali 400, na wanarudia kila nusu saa hivi.

Hapo njo kuna mtego. Wakati wa operesheni mara nyingi mgonjwa anapozwa, na damu yake imechanganyika na maji ya chumvi yaliyokuwa mu mashini, na vyote viwili vinarefusha ACT. Unaweza kuona 500 ukafurahi, kumbe heparini imeshapungua, ni baridi tu inakudanganya! Ndiyo maana hospitali zingine zinapima pia kiasi cha heparini yenyewe mu damu, na kwangu mimi hiyo njo akili, juu ile namba ya sekunde haikuambii heparini imebaki ngapi.

Wakimaliza wanamupiga mgonjwa protamini, dawa iliyotoka mu shahawa za samaki salmoni, inajishika na heparini na kuizima. Inaingia pole pole, ukiharakisha presha inaweza kuanguka. ACT ikirudi pale ilianzia na kifua bado kinavuja, kuongeza protamini ovyo si jibu, ikizidi nayo inaleta kutoka damu. Wanaangalia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba kidonda, wanaangalia fibrinojeni, protini inayofanya nyuzi za donge, ao wanapitisha damu mu mashini inayochora namna donge linavyojijenga, kitu Mjerumani Hartert alibuni mwaka 1948. Na kama vyote viko sawa, munganga arudi aangalie uzi wake, pengine kuna mshipa unavuja tu.