Oksijeni: jina lililotokana na nadharia iliyoanguka

Katika istilahi zote za kemia zenye asili ya Kigiriki cha kale, hakuna inayonivutia kama oksijeni, kwa sababu ndani yake imehifadhiwa nadharia ambayo wanakemia wenyewe waliiacha zamani. Joseph Priestley, aliyeipata gesi hii mwaka 1774 kwa kupasha moto oksidi ya zebaki, aliiita hewa isiyo na flojistoni, yaani dutu iliyodhaniwa zamani kutoka katika vitu vinapoungua. Jina tulilonalo ni la Antoine Lavoisier wa Ufaransa, na lilipata umbo lake la kudumu mwaka 1787, yeye na wenzake watatu walipochapisha utaratibu mpya wa kuzipa dutu majina.

Sehemu ya kwanza ni oxys, yaani kali, na neno hilo, kama kali yetu, hubeba ukali wa kisu pamoja na ule wa ndimu. Sehemu ya pili, -genes, ina mzizi wa kuzaa. Lavoisier alikusudia "kizaa asidi": alikuwa ameona kwamba salfa, fosforasi na kaboni zikiungua, kinachopatikana huleta asidi kikichanganywa na maji, akahitimisha kuwa hakuna asidi isiyo na oksijeni.

Kuhusu sarufi, nakiri kuwa jambo hili hunishughulisha sana, kwa kuwa katika Kigiriki cha kale -genes kwa kawaida humaanisha aliyezaliwa, si anayezaa. Diogenes ni aliyezaliwa na Zeus. Mgiriki wa zama hizo angelielewa jina la Lavoisier kinyume kabisa, yaani kilichozaliwa na asidi.

Kemia nayo ililikana. Mwaka 1810 Humphry Davy alitangaza kwamba gesi ya kijani kilichopauka itokanayo na asidi ya hidrokloriki ni elementi, akaiita klorini kutokana na chloros, jina la rangi hiyo. Asidi hiyo ina hidrojeni na klorini tu. Mwaka 1838 Justus von Liebig alizieleza asidi kuwa misombo yenye hidrojeni inayoweza kuondolewa na metali kushika nafasi yake, hivyo sifa aliyoitafuta Lavoisier ilikuwa ya hidrojeni, ambayo naye aliiita "kizaa maji", na kwa haki, maana ikiungua hutoa maji.

Wajerumani, badala ya kuchukua Kigiriki, walitafsiri maana yake wakapata Sauerstoff, dutu ya uchachu, na nadharia ileile ikaingia katika lugha yao pia.