Umekubali kwa simu kuongeza mkataba wa intaneti Ubelgiji? Bado unaweza kujitoa

Kazi yangu ni mikataba, na ninaifanyia hapa Lubumbashi. Lakini maswali mengi ya intaneti ninayoletewa hayatoki mitaa yetu ya Kenya wala Katuba. Yanatoka Brussels, Liège na Charleroi, kwa sauti za WhatsApp: "Yaya, walinipigia Jumamosi, nikasema ndiyo. Sasa wamenifunga tena, na bei imepanda. Nitatokaje?"

Hapa kwetu swali hilo ni nadra, maana wengi tunanunua mega, yaani vifurushi vya intaneti, kwanza ndipo tunazitumia. Zikiisha, hakuna anayekudai. Anayesaini mkataba kweli anakutana na kifungu cha 33 cha dekreti ya Kongo kuhusu mikataba, ya tarehe 30 Julai 1888: makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Ndugu zetu wanasafiri na imani hiyo, kwamba ukishasema ndiyo, basi. Ubelgiji nako neno la mtu linamfunga, ila sheria imempa mteja binafsi aliyekubali kwa simu, mtandaoni au mlangoni kwake siku 14 za kujitoa, bila kutoa sababu na bila faini. Chanzo ni direktiva, yaani agizo la kisheria, ya Umoja wa Ulaya 2011/83, ambayo Wabelgiji wameiingiza katika Kitabu cha VI cha sheria zao za uchumi. Aliyekwenda dukani akasaini kaunta hana siku hizo. Wala mwenye saluni ya Matonge, mtaa wa Waafrika kule Brussels, aliyesaini kwa jina la biashara yake, na hao ni wengi kuliko mnavyodhani.

Mimi siulizi tarehe kwanza. Nauliza: kuna jipya ulilolikubali? Kama mkataba ulifika mwisho ukaendelea wenyewe, bila mtu kukupigia wala wewe kubofya chochote, usitegemee siku 14 nyingine. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iligusa jambo hili tarehe 5 Oktoba 2023, katika kesi C-565/22 ya Sofatutor, kampuni ya masomo ya mtandaoni iliyokuwa ikitoa siku 30 za bure kisha malipo yanaanza. Ilisema haki ya kujitoa hupatikana mara moja tu, labda kama mteja hakuelezwa waziwazi tangu mwanzo kwamba baada ya siku za bure atalipa.

Ambaye mkataba wake uliendelea wenyewe asihangaike na siku 14. Mkataba wa intaneti ulioendelea wenyewe unavunjwa wakati wowote kwa taarifa isiyozidi mwezi mmoja. Ndivyo zinavyosema kanuni za mawasiliano za Ulaya za 2018. Tena Ubelgiji, mteja binafsi aliyepitisha miezi 6 ya mkataba hatozwi faini ya kuondoka, ingawa anaweza kudaiwa thamani iliyobaki ya kifaa alichopewa kwa bei ya chini.

Wakala akikupigia, ukakubali bei mpya na muda mpya wa kufungwa, hapo mimi nautetea kama mkataba mpya, na siku zinahesabiwa upya. Siku ya makubaliano haihesabiwi. Ulikubali Jumamosi tarehe 3? Siku ya kwanza ni tarehe 4, ya mwisho ni tarehe 17. Kwa kuwa tarehe 17 nayo ni Jumamosi, muda unasogea hadi Jumatatu tarehe 19, usiku wa manane. Kinachotazamwa ni siku uliyotuma barua, hata wakiisoma baadaye. Na kama hawakukueleza kabisa kwamba una haki hii, muda unaongezewa miezi 12.

Usijitoe kwa simu. Ukibishaniwa, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba ulituma kwa wakati, na simu haiachi karatasi. Andika barua pepe, kwa Kifaransa au Kiflemi, fupi hivi: "Ninajitoa katika mkataba nambari fulani, nilioukubali kwa simu tarehe 3. Jina langu, anwani yangu, tarehe ya leo." Basi. Habari za mtoto mgonjwa na bei ya mafuta ziache. Wala usiandike kwamba unaomba kufunga laini, maana watakuhesabia kama mtu anayevunja mkataba, si anayejitoa.

Pesa sasa. Kama uliomba waziwazi huduma ianze kabla ya siku 14 kwisha, utalipa siku ulizotumia tu: kwa mkataba wa euro 45 kwa mwezi wa siku 30, siku 6 ni euro 9. Kama hukuomba, hudaiwi chochote kwa siku hizo. Ulichokwisha kulipa kinarudi ndani ya siku 14 tangu wapate taarifa yako. Modemu mpya nawe unairudisha ndani ya siku 14; tunza risiti ya posta.

Katika barua hiyohiyo uliza laini yako ya zamani inarudi kwa bei ya zamani au inakatwa. Watu wanasahau hili, kisha wanabaki nyumbani bila intaneti. Wasipokujibu, au wakikutumia bili ya faini, peleka malalamiko yako kwa msuluhishi wa mawasiliano wa Ubelgiji. Huduma yake ni bure, lakini atataka kuona kwanza kwamba uliwaandikia wao wenyewe.