Mpunga umedumaa na majani ni kijani cha giza? Usikimbilie yurea

Wakulima wetu wa Mbarali, Kyela na kule Pawaga, hili swali linakuja sana msimu wa mpunga: mpunga umeshapandikizwa wiki kadhaa, majani yana kijani kizito, membamba, yamesimama wima, machipukizi ni ya kuhesabu, na mkulima anauliza aongeze yurea mifuko mingapi. Jamani, yurea ni mbolea ya naitrojeni, na hapo naitrojeni ipo. Kilichopungua ni fosforasi. Ukikosa naitrojeni majani yanageuka manjano kuanzia ya chini, ila ukikosa fosforasi yanakuwa kijani cha giza, mengine ya chini yanapiga zambarau, na mpunga wote unachelewa kukomaa.

Wengi hawajui kwamba aina ya naitrojeni unayoweka inagusa hiyo fosforasi moja kwa moja. Mzizi unanyonya naitrojeni kwa sura mbili, amoniamu na naitreti. Ukinyonya amoniamu unatoa tindikali kidogo pale pembeni yake, na hiyo tindikali inasaidia kuyeyusha fosforasi iliyong'ang'ania kwenye udongo, ukinyonya naitreti inakuwa kinyume, tindikali inapungua. Watafiti wa China wameonyesha pia kwamba mpunga wenye njaa ya fosforasi ukipewa amoniamu unaichomoa hata ile iliyokwama kwenye kuta za seli za mizizi yake wenyewe na kuipandisha kwenye majani, na mimi hili nalipenda sana maana ni faida ambayo mkulima halipii senti.

Kwa hiyo kwenye jaruba lenye maji tumia yurea (ikiingia udongoni inageuka amoniamu) au SA (salfeti ya amoniamu). CAN (mbolea ya kalsiamu, amoniamu na naitreti) iache kwa mahindi, nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, na kwenye tope lisilo na hewa bakteria wanaigeuza gesi inapotea, hela yako imeenda hivyo. Yurea nayo usiirushe juu ya maji mengi, punguza maji kwanza, weka kwenye tope, ndo urudishe maji.

Lakini tusidanganyane, amoniamu haitengenezi fosforasi, inasaidia tu kuifikia iliyopo. Lazima uweke ya kupandia: DAP (naitrojeni asilimia 18, fosfeti, yaani fosforasi ya kwenye mbolea, asilimia 46) au TSP (mbolea ya fosfeti isiyo na naitrojeni), uichanganye na tope wakati wa kusawazisha jaruba. Unga wa mwamba wa Minjingu, wenye fosforasi, unafanya vizuri kwenye udongo wenye tindikali, kwenye udongo wa magadi hauyeyuki vizuri, usipoteze nauli. Na SA mwaka hadi mwaka inaongeza tindikali, tindikali ikizidi chuma na aluminiamu vinaishika fosforasi tena, so SA inafaa zaidi wenye magadi.

Kama mpunga umeshadumaa na bado unatoa machipukizi, DAP mapema inaweza kusaidia kiasi, ila ukishaanza kubeba mimba (suke linakua ndani ya shina) umechelewa, subiri msimu ujao na upime udongo kabla ya kununua mfuko wowote.