Ada ya Usajili wa Anime na Mfuko wa Mchoraji

Wateja wanaokuja kwangu kwa ushauri wa leseni za katuni hunijia na imani ileile: kwamba ada ya usajili ya kila mwezi anayolipa mtazamaji kwa jukwaa la mtandaoni la anime, yaani katuni za Kijapani, hugawanywa kwa studio na wachoraji kwa kadiri kazi zao zinavyotazamwa. Sivyo, na inasikitisha kuisikia hata kwa mtu aliyekwisha kushika kalamu atie saini mkataba.

Anime nyingi za Japani hugharamiwa na kamati ya uzalishaji, yaani ubia wa mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni za Kijapani), kampuni ya muziki, kituo cha televisheni, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea na wengineo, ambao huchanga mtaji na kugawana haki na mapato kulingana na michango yao. Studio mara nyingi hupewa kazi kwa malipo ya mkupuo. Ikishakabidhi sehemu ya mwisho na kulipwa, haina dai jingine isipokuwa mkataba wake umetaja mgawo. Jukwaa nalo hununua leseni kwa wenye haki, kwa kawaida likitanguliza kiasi cha uhakika ambacho hufidiwa kwanza kutoka kwenye mapato, ndipo mrabaha wa ziada, yaani mgawo wa mapato kwa wenye haki, uanze kuhesabiwa iwapo utakuwapo. Mrabaha huo hukatwa ada ya mwanachama anayesimamia mauzo ya nje, kisha wabia hugawana kinachobaki. Mchoraji, ambaye mara nyingi ni wa kujitegemea na hulipwa kwa kila mchoro au kila kipande cha onyesho, alikwisha kulipwa zamani na hayumo katika mgawo huo. Ndiyo maana soko la anime lilipita yeni trilioni 3.3 mwaka 2023, zaidi ya nusu ikitoka nje ya Japani, na bado kilio cha malipo duni kinaendelea.

Ninamsisitizia kila mteja asome mstari wa haki miliki, ule wenye alama ya ©, kabla ya kubishana nami. Studio ya MAPPA imechora mifululizo ya Jujutsu Kaisen na Chainsaw Man, lakini mstari wa ile ya kwanza unataja mwandishi, mchapishaji Shueisha na kamati ya uzalishaji, ilhali wa ile ya pili, iliyotoka mwaka 2022, unaitaja MAPPA yenyewe kwa sababu iliigharamia peke yake. Huko faida ni yake, na hasara ingekuwa yake pia.

Wengine hudai kwamba vituo vya televisheni vya Japani ndivyo vinavyolipia anime. Kwa mifululizo ya usiku wa manane, kamati ndiyo hulipia muda wa hewani, kwa kuwa huko kuonyeshwa ni tangazo la bidhaa zake.

Wapo pia wanaoamini kwamba hakuna anayelipia kinachopatikana bure. Kinyume chake ni Crunchyroll, jukwaa la kutazamia anime mtandaoni: iliyoanza mwaka 2006 kwa video zisizo na leseni, ilinunuliwa na Sony mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.175, na mwaka 2024 ilitangaza kuvuka wanachama milioni 15 wanaolipa.

Mwisho ni lawama kwamba jukwaa limetunyima mfululizo fulani Dar es Salaam au Mombasa kwa makusudi. Haki huuzwa kwa maeneo; ikiwa leseni haikujumuisha Afrika, au iko mikononi mwa mnunuzi mwingine, jukwaa haliruhusiwi kuuonyesha huku, hata kama mteja wake amelipa ada kamili.