DDD kwenye CD si cheti cha ubora

Wanunuzi wengi wa muziki wa klasiki huamini kuwa CD yenye alama DDD huishinda ya AAD au ADD. Sivyo. Herufi hizo hutaja mitambo tu: ya kwanza ni kurekodi, ya pili kuchanganya na kuhariri, ya tatu kuandaa nakala mama. A ni analogi, D ni dijitali. Hazisemi maikrofoni ziliwekwa wapi wala ukumbi ulivuma vipi.

Mtazame mpiga piano Glenn Gould. Goldberg Variations za Bach alizirekodi 1955 kwa mono (sauti ya njia moja), kisha 1981 kwa dijitali. Lakini mwaka huo wa 1981 kanda za analogi nazo zilikuwa zikirekodi sambamba, na toleo la 2002 likatumia hizo, maana dijitali ya awali ilisikika kavu. Hata hivyo, tofauti kubwa iko kwenye upigaji wenyewe: dakika kama 38 mwaka 1955 dhidi ya 51 mwaka 1981!

Tafuta kwanza mwaka wa kurekodiwa, mara nyingi umo ndani ya kijitabu. Ule wenye ℗ (alama ya haki ya rekodi) huenda ni wa toleo jipya tu. Kisha linganisha kipande kilekile kwa sauti sawa, kwani iliyo juu kidogo hudanganya sikio.